Nguvu na Mamlaka: Mfano wa Tunduma

Yapo maneno ambayo tumeyazoea vinywani hata tumeacha kuyapima. Miongoni mwao ni nguvu, mamlaka, serikali na dola. Mmoja husema "serikali imekataza", mwingine husema "wenye mamlaka wamekataza", na wote wawili hudhani wamesema jambo moja. Maneno yenyewe yana nasaba mbalimbali. Serikali limetujia kutoka Uajemi: sar ni kichwa na kar ni kazi, yaani mkuu wa shughuli. Dola ni la Kiarabu, na shina lake lina maana ya kuzunguka na kupokezana, leo kwangu kesho kwako. Wanaoishika dola hulisahau jambo hilo upesi. Mamlaka ni ndugu wa mulki na milki. Nguvu ni letu wenyewe, wala halikuhitaji kuletwa na jahazi.

Leo nataka tuulizane: mtu humtii mwenziwe kwa nini?

Aweza kumtii kwa kuwa akikataa ataumia: atapigwa, atatozwa faini, atafungwa. Na aweza kumtii kwa kuwa moyoni mwake anaona yule ana haki ya kumwamrisha. Kwa nje mambo haya mawili hufanana, kwani amri imetolewa na kazi imefanywa. Tofauti hudhihirika askari anapogeuza mgongo. La kwanza ni nguvu. La pili ndilo linalostahili kuitwa mamlaka, na kwa maana hiyo nitalitumia hapa, ingawa katika mazungumzo ya kila siku twalitumia ovyo.

Bwana Abdulrahman bin Khaldun, mzaliwa wa Tunis mwaka 1332, aliyepata kuwa kadhi wa Kimaliki mjini Cairo na kufia huko mwaka 1406, aliliona jambo hili mapema. Katika Muqaddima yake, ambayo aliimaliza mara ya kwanza mwaka 1377, alitenga riyasa na mulki. Mwenye riyasa ni mkubwa ambaye watu wake humfuata ingawa hana cha kuwalazimishia. Mwenye mulki ni yule awezaye kuwalazimisha. Kisha akaongeza kwamba mwenye riyasa akiona njia ya kuifikia mulki huishika, kwani nafsi ya mwanadamu inaipenda. Zaidi ya karne tano baadaye Mjerumani Max Weber, aliyefariki mwaka 1920, alifika karibu na hapo kwa njia yake. Yeye alisema watu hukubali kutawaliwa kwa sababu tatu: desturi ya tangu mababu, au mvuto wa mtu mmoja wa ajabu, au sheria iliyoandikwa ambayo huipa kazi ofisi wala si mtu.

Waislamu tunalo neno la jambo hili, nalo ni baia. Abubakar (r.a.) alipopewa ukhalifa mwaka 632, katika hotuba yake ya kwanza aliwataka watu wamsaidie akifanya vema na wamnyoshe akienda kombo, na utii wao kwake akaufunga kwenye utii wake kwa Mola wake. Hebu tazama mpango ulivyo: mkono unaotoa baia ni wa mwenye kutii. Kwanza mamlaka hupanda kutoka kwa watu, ndipo amri ishuke.

Kwa mfano wa mambo haya sijui mahali pafaapo zaidi kuliko Tunduma. Wasomaji wetu wengi wa pwani wanaujua mji huo kwa jina tu, au kwa sababu yuko kijana wao aendeshaye lori la Zambia. Uko mwisho wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam, katika mkoa wa Songwe, ambao ulikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao yake yakawekwa Vwawa. Reli ya TAZARA iliyojengwa kwa msaada wa Uchina kati ya 1970 na 1975 inavukia hapo. Ng'ambo ni Nakonde, Zambia, na mgeni asipotazama vizuri hajui mji mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Sokoni shilingi na kwacha zinapishana mikononi.

Mstari unaopita hapo ulizaliwa katika karatasi iliyotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890. Msomaji wa Unguja anaijua karatasi hiyo kwa sababu nyingine: ndiyo ambayo kwayo Mjerumani alikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Mwingereza. Kwa hiyo mtu wa Ng'ambo mjini Unguja na Mnyamwanga wa Tunduma waligawiwa mabwana katika mkataba mmoja, na hapana hata mmoja wao aliyeulizwa. Mwaka 1898 wapimaji wakapanda huko kuweka alama baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga wakajikuta pande mbili. Hiyo ilikuwa nguvu tupu.

Lakini miaka imepita, na mstari huo sasa una serikali mbili huru zinazouheshimu. Oktoba 2019 marais John Magufuli na Edgar Lungu walifungua kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji ili msafiri asikaguliwe mara mbili. Mei 2020, kwa sababu ya korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache, na malori yakasimama. Je, mwananchi wa hapo ameukubali mstari? Jibu ni kwamba ameukubali na hajaukubali. Mtu huyohuyo ambaye asubuhi amepitisha gunia la mahindi kwa njia ya panya, mchana atakwenda hospitali ya serikali, na akidhulumiwa kiwanja atakwenda mahakamani bila kushurutishwa. Si mwasi. Ameikubali serikali inapompatia haki yake, na katika gunia la mahindi la kumpelekea shemeji yake hajaona inaingiaje. Ibn Khaldun aliandika kwamba dola ikiwa changa hutoza kidogo ikapata kingi, na ikizeeka hutoza kikubwa ikapata kidogo, kwa kuwa watu huvunjika moyo wa kufanya kazi. Sisemi dola zetu zimezeeka. Nasema kwamba njia za panya ni kipimo kizuri cha mamlaka kuliko hotuba.

Tukumbuke pia habari ya machifu, maana hapo ndipo Tunduma inaposhinda mifano mingine. Mwingereza alipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza, aliamua kutawala kupitia kwa wakubwa wa wenyeji, na Gavana Donald Cameron akalitilia jambo hilo sheria mwaka 1926. Chifu akawa mkusanya kodi na hakimu, na nyuma yake akasimama bwana shauri. Mtu aliyekuwa na riyasa akaazimwa mulki. Sisi wa pwani tusijitoe katika habari hii. Kabla ya Mwingereza, Mjerumani alimchukua akida wa pwani, mara nyingi Mwislamu ajuaye kusoma na kuandika, akampeleka kwa watu wasiomjua. Huko hakuwa na ukoo wala desturi ya kusimamia. Alikuwa na barua ya ofisi na kiboko. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kushambuliwa, na wala hatuna haja ya kustaajabu.

Mwaka 1963 Tanganyika huru iliifuta sheria ya machifu. Zambia haikufuata njia hiyo: huko chifu yumo ndani ya sheria, na machifu wana baraza lao. Basi watu wa lugha moja na mababu wamoja wametenganishwa na barabara. Upande huu wa Nakonde mkubwa wa ukoo anatambuliwa na dola, upande huu wa Tunduma hana ila salamu za watu, kama watu wanapenda kumsalimu. Wako wanaosema sheria ile ya 1963 iliua desturi. Mimi naona ilifanya kazi ya mzani. Chifu aliyekuwa akitiiwa kwa sababu ya bwana shauri aliisha siku ileile. Aliyekuwa akitiiwa kwa sababu ya uadilifu wake aliendelea kupelekewa magomvi ya mashamba na ya ndoa, bila mshahara, kwani jambo ambalo serikali haikumpa haikuweza kumnyang'anya. Tena Septemba 2021 huko Mwanza machifu walimpa Rais Samia Suluhu Hassan jina la Chifu Hangaya, naye akalipokea. Mkuu wa nchi mwenye jeshi, mahakama na hazina aliona faida katika jina litolewalo na watu wasio na hata askari mmoja.

Sasa nije kwenye jambo linalotugusa sisi wenyewe, na nakuomba ulisome bila hasira. Mwanzoni mwa Aprili 2013 Tunduma ililipuka kwa sababu ya kisu. Katika miji mingi ya Tanzania Bara ilikuwa desturi ya miaka mingi kwamba nyama ya buchani ichinjwe na Mwislamu, apate kula kila mtu. Mwaka ule baadhi ya Wakristo walisema nao wana haki ya kuchinja na kuuza. Februari, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa jambo hilo ulimtoa roho mchungaji mmoja. Viongozi wa serikali wakasema desturi iendelee kama ilivyokuwa. Tunduma vijana wakachoma matairi, wakaziba barabara, polisi wakaja na mabomu ya machozi.

Wengi wetu tulijiuliza swali moja tu: nani ana haki? Nalo ni swali kubwa. Lakini yapasa kuuliza na jingine: kisu kile tulipewa na nani? Mwislamu haruhusiwi nyama isiyochinjwa kisheria, lakini jirani yake Mkristo haoni dhambi kula alichochinja Mwislamu. Kwa hiyo yule asiyebanwa alimwachia nafasi yule aliyebanwa. Hakukuwa na askari machinjioni. Kilichokuwepo ni ujirani, harusi za kualikana, na misiba ambayo sufuria lilikuwa moja. Mwislamu wa Tunduma, ambaye ni mmoja katika mji wa Wakristo wengi, alikuwa na riyasa katika jambo hilo dogo, riyasa hasa kama alivyoieleza Ibn Khaldun: alifuatwa bila kuwa na cha kulazimishia.

Kisha nini kilitokea? Pengine sehemu nyingine tulianza kukisema kisu kama milki. Ilisikika mitaani, "Hii ni haki yetu, serikali imesema." Siku mtu anaposema serikali imesema, ameondoka kwenye riyasa na kuomba mulki, na jirani aliyekuwa akimwachia nafasi kwa hiari anasikia sasa kwamba ameamrishwa. Upande wa pili nao wako waliolichukua jambo la jikoni wakalipeleka mimbarini na kulifanya bendera, na kuchoma tairi barabarani si hoja ya mtu yeyote. Siwapi udhuru. Lakini makala haya yanasomwa katika nyumba za Waislamu, na ni bora nizungumze na walio mbele yangu.

Huenda ukasema: je, serikali ingefanyaje, ingenyamaza watu wakichinjana? La, hasha. Kazi ya kwanza ya dola ni kuzuia damu, na polisi waliofika Tunduma siku ile walifika kwa haki. Weber aliieleza dola kwa hilo hasa, kwamba ndiyo pekee inayokubaliwa kutumia mabavu katika nchi yake. Ila mabavu hayo yana mpaka wake. Yaweza kuondoa mawe barabarani na kufungua mpaka malori yapite. Yaweza hata kumsimamisha Mwislamu machinjioni na bunduki pembeni. Hayawezi kumfanya jirani ainunue nyama ile kwa moyo mweupe, wala kumfanya akualike tena arobaini ya marehemu wake. Imani ya namna hiyo haina fungu katika bajeti ya wizara yoyote.

Mambo ya serikali na mamlaka, basi, hayaanzii Dodoma wala Lusaka. Pale kwako kuna jirani ambaye sikukuu yake si yako. Siku moja atamtuma mwanawe kwako na kuku mkononi, miguu imefungwa kamba: "Mama anasema umchinjie." Kisu anacho jikoni kwake, na kuchinja anajua. Kuku ameletwa kwako kwa sababu jioni wana wageni, na wewe ni mmoja wao.