Ubaridi wangu, joto la jirani

Mwezi Februari hapa Dar es Salaam joto la mchana hupita nyuzi 30, na usiku haupoi. Nilikuwa nikiweka kiyoyozi nyuzi 18, kisha najifunika blanketi! Usiku mmoja nilipita nyuma ya nyumba, nikakuta mashine ya nje inapuliza hewa ya moto kwenye dirisha la jirani mwenye mtoto mchanga.

Kiyoyozi hakifuti joto. Hulitoa ndani na kulitupa nje. Je, kulipia Luku kunanihalalishia kumuudhi mwenzangu? Hakuwahi kulalamika, lakini kunyamaza si kuridhia. Nimemwomba radhi, fundi ameihamisha mashine, nami natosheka na nyuzi 26 na feni. Tumuogope Allah katika haki za jirani.