Motokari ya Umeme na Amri ya Saba

Mwenyezi Mungu aliweka mali nyingi ndani ya ardhi: chuma, shaba, dhahabu na mawe ya kila namna. Kanisa lafundisha kwamba vitu vya dunia viliumbwa viwafae watu wote, na kwamba mwenye mali halali ni mtunzaji wake mbele ya Mungu. Fundisho hilo ni la zamani, lakini kila kizazi hukutana nalo katika mambo mapya. Siku hizi watu hukutana nalo katika motokari isiyotumia petroli.

Motokari ya namna hiyo haina tangi la mafuta. Huendeshwa kwa umeme uliowekwa akiba ndani ya betri kubwa, kama vile umeme unavyowekwa akiba ndani ya simu. Ipitapo njiani haitoi moshi. Ikiwa umeme wake umetoka katika maji yashukayo mlimani, kama yale ya Mutwanga chini ya Ruwenzori ambayo tangu mwaka 2013 yanazungusha mitambo, hewa husalimika. Ikiwa umeme umetoka katika makaa ya mawe, moshi umehamishwa tu mahali pengine.

Zamani betri hizo zilikuwa ghali mno. Mwaka 2010 betri ya kutunza kipimo kimoja cha umeme, kiitwacho kilowati-saa, iligharimu zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024 bei hiyo ilikuwa imeshuka hata dola 115 hivi. Viwanda vimekuwa vikubwa, hasa nchini China, ufundi umeongezeka, na bei ya madini nayo imepungua. Kwa hiyo mamilioni ya watu hununua motokari za umeme kila mwaka.

Bei kushuka ni jambo jema. Betri ya bei nafuu humpa maskini taa, na huiwezesha zahanati kutunza dawa katika baridi. Watu wa Mabalako wayajua hayo. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, nao ukiwa umeanzia Mangina, chanjo iliyoletwa ilipaswa kutunzwa katika baridi kali kupita barafu. Basi anayetafuta njia ya kutunza umeme kwa bei ndogo afanya kazi njema.

Lakini amri ya saba yauliza zaidi. Kitu kinapouzwa rahisi, je, kila aliyekifanyia kazi amepata haki yake? Wahenga walisema: Vyaelea, vimeundwa. Aonaye chombo kikielea asisahau mikono iliyokiunda.

Katika betri nyingi mna madini yaitwayo kobalti. Hayo huzisaidia zitunze umeme mwingi bila kuharibika upesi. Karibu sehemu saba katika kumi za kobalti yote ichimbwayo duniani hutoka Kongo, hasa kandokando ya Kolwezi katika jimbo la Lualaba, pamoja na shaba. Sehemu kubwa huchimbwa kwa mashine za makampuni. Sehemu nyingine huchimbwa na watu wenye sururu na magunia, ambao huingia katika mashimo yasiyo na nguzo. Tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliporomoka ukawaua wachimbaji wapatao 40. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International, pamoja na Afrewatch ya Lubumbashi, lilieleza habari za watoto waliookota, kuosha na kubeba mawe hayo kwa ujira mdogo sana.

Kongo imekwisha kuona jambo kama hilo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekaa Belfast, alitengeneza gurudumu la mpira lenye upepo ndani. Baiskeli, na baadaye motokari, zikaenda kwa ulaini, na wenye kuzipanda wakafurahi. Ulaya ikataka mpira mwingi, na mwingine ulitoka katika misitu ya Kongo, ambayo tangu mwaka 1885 hata 1908 ilikuwa mikononi mwa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Watu walilazimishwa kuuleta. Wake zao walishikwa rehani, vijiji vilichomwa, na wengine walikatwa mikono. Baadaye mashamba makubwa ya mpira huko Asia yalitoa mpira wa bei rahisi, na mpira wa msituni ukakosa soko. Lakini waliodhulumiwa hawakulipwa kwa sababu hiyo. Bei ilihama, na deni likabaki.

Je, aliyenunua baiskeli siku zile alikuwa na dhambi? Na anunuaye motokari ya umeme leo, au simu, kwa maana ndani ya simu nyingi pia mna kobalti, je, anashiriki dhuluma ya mgodini?

Mafundisho ya Kanisa juu ya dhamiri hupambanua watu wa namna tatu. Wa kwanza ni yule asiyejua, wala hakuwa na njia ya kujua. Huyo hana hatia. Wa pili ni yule asiyejua kwa sababu hataki kujua. Huziba masikio asije akasumbuliwa. Kutojua huko hakumwondolei hatia, maana amekuchagua mwenyewe. Wa tatu ni yule ajuaye, naye huitaka dhuluma hiyo kwa kuwa yampatia faida. Huyo ni mdhulumu pamoja na wadhulumu, hata kama hajawahi kushika fimbo. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alipiga picha za watu wa Kongo walioteswa kwa ajili ya mpira, nazo zikaonyeshwa Ulaya. Tangu hapo, aliyeziona hakuweza tena kujiweka kati ya wale wa kwanza.

Watu wengine husema kwamba shida itakwisha yenyewe. Wataalamu wametengeneza betri za chuma na fosfati zisizo na kobalti hata kidogo. Ni rahisi kuliko zile nyingine, na mwaka 2024 karibu nusu ya motokari za umeme zilizouzwa duniani zilikuwa nazo. Wakati huo huo kobalti ilichimbwa kwa wingi kupita mahitaji, bei yake ikaanguka. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kongo ilizuia kobalti isiuzwe nje, na tarehe 16 Oktoba mwaka huo ikaruhusu iuzwe tena kwa kipimo kilichowekwa.

Fikira hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haitoshi. Kijana wa Kolwezi aliyechimba kwa miaka kumi, akavunjika mgongo, hasaidiwi na habari kwamba jiwe lake halihitajiwi tena. Mwenye kumwacha mfanyakazi kwa sababu amepata njia rahisi zaidi bado hajampa ujira wa siku zilizopita. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya bei hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki, ikiwa mtu amekubali kwa kulazimishwa na njaa. Ujira sharti umtunze mfanyakazi mwadilifu. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, aliwaonya mataifa wasiitendee Afrika kana kwamba ni mgodi wa kuporwa. Haki yadai mashimo yawe salama, watoto warudi shuleni, walioumia wasaidiwe, na wenyeji wa nchi wapate sehemu yao ya mali, kobalti iwe na bei au isiwe nayo.

Mkatekumeni wa kijijini aweza kufikiri kwamba mambo haya ni ya matajiri, kwa kuwa yeye hana motokari ya umeme. Na afikiri tena. Wakulima wa Mabalako hulima kakao. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani moja. Mwaka uliofuata ikashuka sana. Watu wa mbali wanunuao chokoleti hawalijui jina la mkulima, wala hawamwoni apitapo matopeni na gunia lake. Mkulima hutamani wamfikirie, mizani iwe ya haki, na bei ilingane na jasho. Basi yeye naye, anunuapo simu, ni mtu wa mbali kwa mchimbaji wa Kolwezi. Na anapomwajiri mtoto wa jirani kuvunja kakao siku ya shule, kwa kuwa mtoto hukubali pesa kidogo, hutenda shambani mwake lile lile alilolilaumu mgodini.

Jirani asiyeonekana ni jirani kweli. Hayo aliyajua Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, aliyekuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani. Watu walimpa fedha ili aache chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa, kwa sababu kingewadhuru walaji, watu ambao hakuwajua wala asingewaona. Aliuawa mwezi Julai 2007, naye alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Hakufanya hotuba kubwa. Alipima tu kitu kilichokuwa mbele yake kwa kumkumbuka mtu aliyekuwa mbali.

Hivyo ndivyo amri ya saba inavyoshikwa katika mambo mapya. Mkristu hakatazwi motokari ya umeme, wala simu, wala betri ya kuwasha taa nyumbani. Atakiwa kuuliza vilikotoka, kusema kweli juu ya dhuluma aijuayo, na kuondoa dhuluma iliyo katika uwezo wake mwenyewe kwanza.

Maswali ya kukumbuka

S. Je, kununua kwa bei rahisi ni dhambi?
J. Si dhambi, ila kama mnunuzi ajua kwamba urahisi huo watoka katika wizi au dhuluma, naye akaufurahia.

S. Asiyejua ana hatia?
J. Asiyeweza kujua hana hatia. Asiyetaka kujua anayo.

S. Kazi ikiisha, je, deni la mfanyakazi laisha?
J. La. Ujira ulionyimwa na madhara yaliyofanywa vyadaiwa mpaka vilipwe.

S. Kijijini amri hii hushikwaje?
J. Kwa mizani ya kweli, kwa kumlipa kibarua siku yake, na kwa kumwacha mtoto aende shule.

Azimio la juma hili: kila mmoja ajichunguze kama kuna mtu aliyemfanyia kazi, naye bado hajamlipa. Akimkumbuka, aende akamlipe kabla ya Misa ya Dominika.