Kisichodumu Nacho Huumba

Udongo wa Mosocho, kama ulivyo katika sehemu kubwa ya nyanda za juu za Kisii, ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichoungana na oksijeni. Ukitafuta mfano wa kitu thabiti, chuma kinatosha: kiini chake ni miongoni mwa vilivyoshikamana zaidi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya chuma haikuzaliwa chuma. Nyota zilipolipuka zilitoa nikeli-56, ambayo nusu yake hugeuka kobalti kwa siku 6 hivi. Nusu ya kobalti nayo huchukua siku 77 kuwa chuma. Mlipuko wa nyota ulioonekana mwaka 1987 ulififia kwa miezi kadhaa ukifuata kalenda hiyo ya kobalti.

Je, kisichodumu chaweza kuwa chanzo cha kinachodumu? Kaboni, iliyomo katika kila mgomba na kila mwili, inatubana zaidi. Heliamu mbili zikigongana nyotani huunda beriliamu-8. Igawe sekunde moja vipande milioni bilioni: uhai wa kiini hicho haujazi hata kipande kimoja. Lakini mwaka 1952 mwanafizikia Edwin Salpeter alionyesha kwamba heliamu ya tatu huwahi kuingia. Mwaka uliofuata mwanaastronomia Fred Hoyle akabashiri kiwango cha nishati ambacho kaboni lazima iwe nacho ili ipatikane kwa wingi. Wapimaji wa California wakakikuta.

Kumbe viini hupishana kwa muda mfupi mara maelfu kuliko uhai wa beriliamu. Kwao, beriliamu ina umri mrefu. Neno "mfupi" basi halina maana mpaka tuulize: mfupi kwa kazi gani?

Mtu atasema viini hivi ni kama nguzo za mkaratusi zinazobeba zege la nyumba mpya, kisha huondolewa. Sivyo. Nguzo haiwi zege. Protoni na nyutroni za beriliamu zimo ndani ya kaboni yenyewe.

Wala tusiusifu udhaifu. Beriliamu karibu yote hurudi kuwa heliamu bila kuacha kitu. Inayozaa ni ile iliyofikiwa kwa wakati. Nikeli, kwa upande wake, haimngoji mwenzi: hugeuka yenyewe. Kuvunjika tu, bila kukutana wala kugeuka, hakuumbi. Kwa hiyo anayetaka kujua kitu kimefaa nini asianzie kwenye umri wake. Aulize kilikutana na nini, na kiligeuka nini.