Lava Iliyosimama Mlangoni

Somo: Luka 13:1–9



Meli za kitalii zinazozunguka Bahari ya Hindi zikifunga gati Le Port, kisiwani Réunion, abiria kwa kawaida hupewa siku moja tu ya kukanyaga nchi kavu. Jioni honi ikilia, wawe wamesharudi. Basi wengine huizunguka pwani hadi upande wa mashariki, ambako Piton de la Fournaise, mlima wa mita 2,632, hutema moto mara nyingi kuliko volkano nyingi duniani. Lava yake huteremkia baharini kupitia bonde pana wasiloishi watu. Mwaka 2007 ilimwagika kwa wingi hata ikakata barabara ya pwani, ikaingia baharini na kukiongezea kisiwa ardhi. Ukipita pale unaona mawe meusi pande zote mbili, na juu ya yale ya zamani magamba ya kijivu na majani machache ya jimbi yaliyoanza kuota.

Kisiwa hiki si kigeni kabisa kwetu. Katika karne ya 18 wafanyabiashara wa Kifaransa walinunua watu Kilwa na kuwavusha kwenda kwenye mashamba ya kisiwa hiki na visiwa jirani. Utumwa ulikomeshwa Réunion tarehe 20 Desemba 1848, lakini damu ya pwani yetu imo bado miongoni mwa wakazi wake.

Katika kijiji cha Piton Sainte-Rose, basi la watalii husimama mbele ya kanisa. Aprili 1977, mwezi ambao Pasaka iliangukia tarehe 10, mlima ulipasuka nje ya lile bonde lake la siku zote, na lava ikashuka moja kwa moja kijijini. Watu walikuwa wamehamishwa, kwa hiyo hakufa mtu. Nyumba ziliungua. Lava ikafika kanisani, ikagusa lango, ikagawanyika, ikalizunguka jengo kuta zote, kisha ikapoa. Kanisa likabaki limesimama, na leo linaitwa Notre-Dame des Laves, Mama Yetu wa Lava.

Mgeni wa siku moja huonyeshwa mlango, huonyeshwa ule mwamba mweusi ulioganda ukutani, huambiwa kwamba ni muujiza, hupiga picha, na basi linaondoka. Mimi simkatazi mtu kuona mkono wa Mungu pale. Ningekuwa mkazi wa kijiji kile siku ile, ningepiga magoti kama walivyopiga wengi. Lakini swali linalonisumbua ni la jirani: yule ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kanisani, naye alisali, naye alibatizisha watoto wake palepale. Akisikia tunasimulia jinsi Mungu alivyolichagua jengo, yeye ajione nani? Mwamba anaosimama juu yake mpiga picha ulipita juu ya maisha ya watu.

Tena tusiende mbali. Januari 17, 2002, mlima Nyiragongo ulipasuka, na lava ikapita katikati ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, hadi Ziwa Kivu. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makazi. Wengi walivuka mpaka na kukimbilia Gisenyi, Rwanda, wakiwa na watoto mgongoni. Kanisa kuu la Goma, la Mtakatifu Yosefu, liliteketea. Waumini wa Goma wanasali kwa Kiswahili, lugha hii tunayosalia sisi. Je, sala zao zilikuwa nyepesi kuliko za Piton Sainte-Rose? Mchungaji anayethubutu kusema hivyo aende akaseme mbele yao.

Katika somo letu, watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, na bila shaka walitaka awahukumu marehemu. Yesu akakataa. Akaongeza na habari ya wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema wazi kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageuzia wasikilizaji wenyewe neno la toba. Hapo wengi wetu hufunga Biblia, ilhali jibu linaendelea. Mara moja anasimulia juu ya mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi. Mtini ule haukuachwa kwa sababu ni mzuri. Umeachwa ukiwa bado hauna kitu, umepewa muda na mtu wa kuuhudumia, na unangojewa uzae.

Hivyo ndivyo ninavyolisoma kanisa la Réunion. Kunusurika kwake si cheti cha utakatifu. Ni mwaka wa nyongeza. Mlango uliobaki wazi ulibaki wazi kwa ajili ya nani, kama si kwa ajili ya wale waliopoteza milango yao? Na waumini wa Goma waliojenga tena nyumba zao kwa mawe yaleyale ya lava, wakapigwa tena na mlima Mei 2021, hawakupungukiwa neema kwa kuwa kanisa lao liliungua. Imani yao naiona kubwa kuliko ukuta wowote uliosalimika.

Nasema haya kwa sababu nasikia shuhuda zetu. Basi lilipinduka, wengine wakafa, mimi Mungu akaniokoa kwa kuwa nilikuwa nimeomba asubuhi. Mafuriko yalichukua mtaa mzima, nyumba yangu ikabaki kwa kuwa natoa zaka. Na pale benchi la nyuma amekaa mjane wa aliyekufa katika basi lilelile, naye alikuwa ameomba asubuhi ileile.

Ndugu zangu, tumshukuru Mungu kwa kila tuliloachiwa, na tushukuru kwa sauti. Ila tuache kutaja sababu ambazo Mungu hakutupa. Na wewe utakayesimama Jumapili hii kutoa ushuhuda wa kunusurika, baada ya ibada usiende nyumbani kabla hujamtafuta aliyepoteza. Keti naye, muulize anahitaji nini, ukampe.