Majina Yasiyoonekana Katika Orodha

Somo: Ezra 2:59-63, Nehemia 3:4, 21



Wengi wetu tukifika kwenye sura za majina katika Biblia tunaziruka. Fulani akamzaa fulani, nasi tunatafuta hadithi inaanzia wapi. Lakini tangu tulipovuka Ziwa Tanganyika, sura hizo sisi tungepaswa kuzielewa kuliko mtu anayelala kwenye shamba la babu yake. Ezra sura ya 2 ni orodha ya waliotoka uhamishoni Babeli, wameandikwa kwa nyumba za baba zao na kwa miji yao. Inafanana sana na siku ya kuhesabiwa hapa kwetu.

Hivi karibuni tulialikwa kuombea mkutano wa familia mbili za hapa kambini. Wameishi miaka mingi wakichota maji kwenye bomba moja bila kujua kwamba ni ndugu. Kijana mmoja alikuwa akiandika katika daftari la shule majina aliyotajiwa na bibi yake. Alipofika kwa babu wa babu, mzee wa familia ya pili akasema, jina hilo na sisi tunalo. Wazee wakakaa. Hawakukubali kwa jina tu, maana jina moja huweza kuwa la watu kumi. Wakaulizana: ukoo gani? Mlango gani? Mke wake alitoka wapi? Kaburi liko ng'ambo gani ya mto? Aliyejibu ni bibi. (Wanaume hushika majina ya baba zao. Nani alioa wapi, na mahari ililiwa na nani, waulizeni akina mama.) Ikaonekana wale mababu walikuwa ndugu, baba mmoja, mama mbalimbali.

Basi siku ya kukutana ilikuwa furaha. Mzee mwenye mvi alilazimika kumwita mtoto wa shule ya msingi "baba mdogo", kwa sababu ndivyo hesabu ilivyotoka, na mtoto akajificha nyuma ya mama yake kwa aibu. Kisha kila mmoja akasimama kutaja baba zake. Ikafika zamu ya dada mmoja aliyeokotwa njiani akiwa mchanga, katika vita ya 1996. Akataja jina la mama aliyemlea, akanyamaza. Mzee mmoja akasema kwa upole kwamba huyu aandikwe pembeni, kwa kuwa si wa damu. Hakuwa na ubaya, alitaka daftari liwe la kweli. Lakini tulimwona yule dada akikaa chini, na hakula.

Wapendwa, tusome vizuri. Wana wa Delaya, wa Tobia na wa Nekoda, watu 652, hawakuweza kuonyesha kama ni wa Israeli. Mwandishi hakuwatungia baba wa uongo. Wala hakuwaacha Babeli! Aliwaandika katika orodha ile ile, wakapanda pamoja na wengine. Wana wa Hakosi walitafuta nasaba yao isionekane, wakazuiliwa ukuhani mpaka atakapopatikana kuhani mwenye Urimu na Thumimu. Walizuiliwa kazi ile, safari hawakuzuiliwa. Na ukisoma Nehemia sura ya 3, mtu wa nyumba ya Hakosi, Meremothi, anajenga sehemu mbili za ukuta wa Yerusalemu.

Naye Bwana wetu je? Mathayo anahesabu vizazi kutoka Ibrahimu mpaka kwa Yusufu, na Luka anasema wazi kwamba watu walidhani tu kuwa Yesu ni mwana wa Yusufu. Kwa hiyo ukoo wa Daudi aliotajwa nao ulipitia kwa mtu aliyemlea, aliyembeba usiku kukimbilia Misri.

Hatusemi haya ili watu watunge undugu. Tunajua wako walioongeza ndugu wa uongo kwenye kadi ya mgao, na wako waliomkana ndugu wa kweli ili wasafiri peke yao. Yote mawili ni dhambi, na yamevunja nyumba nyingi hapa. Ukweli unaweza kuandikwa bila kumtoa mtu mezani.

Siku ile tulisoma mistari hii mbele yao. Bibi akaomba daftari, akamwambia kijana aandike jina la yule dada chini ya jina la mama yake, na mbele yake aandike neno moja: alilelewa. Mzee akatazama, akakubali.

Wazee wa kanisa watakaa na daftari kila Jumapili baada ya ibada. Njoo na majina ya baba zako, kijiji, mto, na mahali bibi zako walikoolewa kutoka. Kadi ya ubatizo ya zamani nayo inasaidia. Anayetaka kutuma barua kwa njia ya Msalaba Mwekundu atasaidiwa kuandika; akumbuke kwamba barua hiyo haifungwi na inabeba habari za familia tu. Asiyejua jina lolote la nyuma aje na jina la aliyemlea.