Je, Hofu Humzuia Mtu Kujiua?



Mtu akijiua katika vijiji vyetu, habari yake husemwa kwa sauti ya chini. Mazishi hufanywa upesi, na pengine jamaa huulizana kama mchungaji atakubali kuja. Wengi wetu huamini kwamba ukali huu una faida. Twasema: tukimhurumia aliyejiua, wengine watamfuata, tukimpokea kwa upole aliyejaribu, tutakuwa tumehalalisha jambo ambalo Mungu amelikataza. Basi tunapenda tulifikiri swali hili pamoja: je, aibu na hofu humlinda mtu asijiue, au humzuia tu asije kwetu kuomba msaada?

Kwanza tukubaliane. Uhai ni zawadi ya Mungu, wala hatuandiki ili kuligeuza fundisho hilo. Lakini kujua kwamba jambo ni baya ni kitu kimoja, na kujua namna ya kumwokoa aliye karibu nalo ni kitu kingine. Kila aliyewahi kushika chaki anajua kwamba mtoto aliyeshindwa hesabu hasaidiwi kwa kuambiwa kwamba kushindwa ni vibaya. Yeye mwenyewe anajua hivyo tangu asubuhi.

Ukali huu una historia ndefu. Kitabu cha Sala cha Waingereza cha mwaka 1662 kiliagiza kwamba ibada ya maziko isisomwe kwa mtu aliyejiua. Serikali nayo ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na Waingereza walipotutawala walituletea sheria hiyo. Wao wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961. Kwetu Tanzania bado imo katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217. Jirani zetu wa Kenya walikuwa nayo pia, mpaka Mahakama Kuu ya Nairobi ilipoamua, Januari 2025, kwamba inapingana na Katiba yao.

Sasa tutazame hofu hiyo inafanya kazi gani. Tuchukue mfano wa kijana aliyekopa kwa ajili ya kilimo, mvua ikamkosesha, naye akaanza kuona kwamba nyumba yake ingepata nafuu kama asingekuwapo. Mtu aliyefika mahali pa kutokiogopa kifo, je, ataogopa kifungo? Ataogopa kunyimwa ibada ya maziko? Hofu hizo haziufikii mkono wake. Lakini ulimi wake zinaufikia. Kabla ya siku ile mbaya kulikuwa na majuma mengi ambayo angeweza kumwambia mkewe, au mwalimu wake wa zamani, au mzee wa kanisa. Akanyamaza, kwa kuwa alijua ataitwa mwenye dhambi, au mwoga, au mtu wa kupelekwa polisi. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua; nasi tumemfundisha huyu kuficha.

Wapo watakaotujibu: "Mkiondoa aibu mtawatia watu moyo wa kujiua." Jibu hili lina ukweli ndani yake, nasi tusilipuuze. Ni kweli kwamba kusimulia kwa kirefu jinsi mtu alivyojiua, au kumsifu kana kwamba ameshinda, kunaweza kumvuta mwingine aliye dhaifu. Kwa hiyo tusisimulie namna, wala tusisifu kitendo. Lakini kumheshimu mtu si kukisifu kifo chake. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua mwezi wa Julai 1898 ili asishikwe na Wajerumani. Tumewafundisha watoto habari zake kwa heshima miaka yote hii, wala hatukuwafundisha kufa kama yeye. Ikiwa twaweza kufanya hivyo kwa mtawala wa Kalenga, twashindwaje kwa mtoto wa jirani yetu?

Tena tukumbuke kwamba mara nyingi nyuma ya mawazo haya kuna ugonjwa. Waganga wa hospitali huuita sonona. Si huzuni ya siku moja. Mtu hukaa majuma mawili au zaidi hana raha hata na vitu alivyovipenda, halali, au hulala kupita kiasi, chakula hakimpiti, kazi ndogo humlemea, hujiona mzigo kwa wenzake. Eliya, baada ya ushindi wake mkubwa juu ya mlima Karmeli, alikimbilia jangwani akaomba afe. Hakukaripiwa. Alipewa usingizi, mkate na maji, kisha tena mkate na maji, na mazungumzo yakaja baadaye. Asiseme mtu, basi, kwamba mwenye sonona amepungukiwa na imani, wala kwamba dawa na sala zinagombana.

Sisi wa Benako tuna sababu ya pekee ya kulijua jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia vita na mauaji ya Rwanda, na vilima vyetu vikawa mji wa maturubai mpaka Desemba 1996. Maji yalipimwa, mahindi na maharagwe yakapimwa, na ilikuwa haki kufanya hivyo. Lakini huzuni haipimwi kwa debe. Mtu aliyezika jamaa zake, au aliyekosa hata kuwazika, alisimama katika mstari uleule na mwenye kadi ileile kama wengine, wala usoni hukuona tofauti. Hata leo, hapa sokoni na kando ya barabara kuu, tunapishana na watu wenye mizigo tusiyoiona. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Je, watu wa kawaida kama sisi twaweza kusaidia? Twaweza. Ng'ambo ya mpaka wa mkoa wetu, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, wataalamu waliwauliza wanavijiji wanauitaje ugonjwa huu, nao wakataja maneno mawili ya Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Kisha wenyeji ambao hawakuwa waganga wakafundishwa kuongoza vikundi vya wagonjwa, wanaume peke yao na wanawake peke yao, wakikutana kila juma kwa majuma 16 kuzungumza misiba na magomvi yao. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliokuwa katika vikundi walipata nafuu kuliko wenzao ambao hawakuwamo. Huko Harare, Zimbabwe, kina bibi walifundishwa kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na kazi yao imesaidia wengi. Umoja wa Akina Mama wa mtaa wowote una watu wa namna hiyo.

Basi tufanye nini? Kwanza, tumwulize mtu waziwazi: "Je, umefikia kufikiri kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hili litamtia wazo. Wataalamu wamelichunguza, wakaona kwamba halimtii. Mara nyingi humpa nafuu. Pili, tumsikilize bila kuhubiri, wala tusimwambie kwamba wapo wanaoteseka kuliko yeye. Tatu, tusimwache peke yake wakati wa hatari, na dawa za kuulia wadudu wa mashambani zifungiwe mbali naye, kwa maana duniani watu zaidi ya 700,000 hujiua kila mwaka, na sumu hizo ni njia mojawapo kubwa. Nne, tumsindikize hospitali, ikiwa ni Murgwanza au kituo kilicho karibu, na tungoje naye mpaka aonwe.

Limebaki neno la siri. Akikuambia, "Usimwambie mtu," usimwahidi. Siri ya namna hii haitunzwi, kwa kuwa anayeomba itunzwe ndiye atakayeangamia kwayo. Lakini umwambie yeye kwanza utakayemweleza, na uchague mtu wa kusaidia, si wa kutangaza.

Na pale ambapo msiba umekwisha kutokea, tuende matanga kama tuendavyo kwa wengine, tuketi na mjane au wazazi, tulitaje jina la marehemu bila kunong'ona. Katika nyumba hiyo huenda yupo mwingine anayetutazama, ili ajue kama siku moja ataweza kusema nasi.