Subira ya Nani

Kwa mwaka mmoja na nusu niliitazama nambari moja kila siku, nikaizoea kama mtu anavyozoea mlio wa feni. Kumi na moja. Megabaiti 11 kwa sekunde ndiyo kasi ambayo picha zilihama kutoka kompyuta yangu ya chumba cha juu hadi kwenye kisanduku cha diski mbili kilicho chini ya ngazi, ambacho vijana hukiita seva. Haikupanda, haikushuka. Mkanda wa VHS wa dakika 180, ukishageuzwa kuwa faili, huwa na takriban gigabaiti 39, na kwa kasi ile ulichukua saa nzima kuhama. Nilikuwa nikibonyeza, nikishuka jikoni, nikiswali, nikirudi. Nikijiambia kwamba Mwenyezi Mungu yuko pamoja na wanaosubiri.

Tangu mwezi wa nne kuna swali limenikaa moyoni. Ile ilikuwa subira?

Kazi yangu ni kuziokoa kanda za harusi. Hapa Mji wa Kale, Mombasa, siku ya kupamba ilirekodiwa na wanawake ili itazamwe na wanawake. Bibi harusi ameketi kwenye kiti chake, hina imepanda hadi viwikoni, wenziwe wamevua mabuibui, nywele wazi, vikuba vifuani, pembe za vugo mikononi. Kanda kama hizo huwezi kumpelekea fundi wa kiume barabarani, wala huwezi kuzipandisha kwenye hifadhi ya intaneti, ukalala ukijua kuna mtu usiyemjua ana ufunguo wa pili. Kwa hiyo huletwa kwangu, zimefungwa ndani ya leso, na wengi wanaozileta hawaniambii zaidi ya neno moja: amana. Ndiyo sababu seva yangu iko chini ya ngazi ya nyumba yangu mwenyewe, na haina njia ya kutoka nje. Diski zake mbili huandika kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine ibaki na habari yote. Faili ikifika pale, nahesabu kwamba imefika. Ikiwa bado juu, kwenye kompyuta, iko safarini.

Mwezi wa pili mwaka huu aliniletea mkanda mama mmoja wa mtaa wa Kuze. Kupamba kwake, mwaka 1991. Alitaka kumwona mamake, aliyefariki miaka mingi, na ambaye hakuna picha yake nyingine inayotembea. Mkanda ulikuwa na ukungu mweupe pembeni, kama unga uliomwagika. Niliusafisha kadiri nilivyoweza, nikaupitisha mara moja, ukacheza wote, wa saa tatu. Nikamwona yule bibi kizee amesimama upande wa kulia wa kiti, ameshika pembe, anaimba huku anacheka. Wakati wa kuurudisha nyuma mkanda ulikwama, ukajikunja, ukakatika vipande. Nilitetemeka, lakini nikajituliza: faili ninayo.

Faili ilikuwa ya nne kwenye foleni. Tatu zilizotangulia zilikuwa za watu wengine, kila moja na saa yake. Magharibi ikaingia, isha ikaingia. Nilikuwa nimechoka, umeme ulikuwa umekatika mara mbili jioni ile, nikasema kesho ni siku. Usiku huo diski ya kompyuta ikafa. Nilizunguka nayo kwa mafundi wawili, wote wakatikisa vichwa.

Nilikwenda Kuze mwenyewe kumwambia. Alinyamaza muda mrefu, akasimama, akaenda kunitilia kahawa. Aliporudi alisema, "Ni kadari, dadangu. Tusubiri." Nikainywa ile kahawa. Nikaondoka nimepata afueni, na afueni ile leo ndiyo inayonitia haya kuliko yote.

Miezi miwili baadaye binti wa kaka yangu, anayesomea mitambo ya mawasiliano Nairobi, alikuja likizo. Akaketi karibu nami faili moja ikihama.

"Shangazi, mbona kumi na moja?"

"Ndivyo ilivyo, mwanangu. Huwa inakwenda polepole."

"Sikuulizi mbona polepole. Mbona kumi na moja, tena haiyumbi?"

Akanieleza kwamba njia ikijaa watu, kasi hupanda na kushuka, kama daraja la Nyali saa za asubuhi. Kasi inayosimama mahali pamoja siku zote imegonga dari, na dari hupimika. Waya unaopitisha megabiti 100 kwa sekunde, ukizigawa kwa nane kupata baiti, hutoa megabaiti 12 na nusu. Ondoa zinazoliwa na anwani zinazobandikwa juu ya kila kifurushi cha data, unabaki na kama 11. Kompyuta yangu, seva yangu na swichi inayoziunganisha zote zilikuwa za megabiti 1,000. Mahali fulani kati yao palikuwa na kitu kinachokwenda kwa sehemu moja ya kumi.

Niliisikiza hesabu ile nikiwa na neno la yule mama wa Kuze masikioni. Kadari na kadirio yametoka katika shina moja la Kiarabu, shina la kupima na kuweka kiwango. Mwaka mmoja na nusu niliitazama nambari nikaiona ni kadari. Mtoto wa miaka ishirini na mbili aliitazama dakika tano, akaikadiria.

Kisha akaanza kutafuta, na namna yake ya kutafuta ilikuwa na adabu. Hakugusa vitu viwili kwa pamoja. Kwanza aliweka kando mafaili madogo madogo, maana mafaili elfu ya picha huenda polepole hata njia ikiwa nzuri, kwa kuwa kila moja hufunguliwa, huandikwa na kufungwa. Akajaribu kwa faili moja kubwa. Kumi na moja. Akanakili faili hiyohiyo ndani ya kompyuta, kutoka mahali hadi mahali, ikapita kwa haraka. Diski ya kompyuta ikatoka katika lawama. Akatumia programu iitwayo iperf, ambayo hutuma data kati ya mashine mbili bila kugusa diski zozote. Megabiti 94. Basi diski za seva nazo hazikuwa na kosa. Ugonjwa ulikuwa njiani. Akaishusha kompyuta hadi chini ya ngazi, akaiunganisha kwa waya mpya wa mita moja. Megabaiti 110 kwa sekunde. Nilisimama pale nikaona saa nzima ikigeuka kuwa dakika sita.

"Sasa rudisha kila kitu," akasema, "tuubadilishe huu mrefu peke yake. Ukibadilisha mawili, ikapona, hutajua umshukuru nani."

Waya mrefu unashuka kutoka juu, unapita kwenye dirisha linaloelekea baharini, unaingia chini ya ngazi. Ndani yake mna nyuzi nane, jozi nne: chungwa, kijani, buluu na kahawia. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu. Kasi ya 1,000, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1999, hudai zote nne. Jozi moja ikikatika, mashine za pande mbili hujaribu kasi kubwa, hushindwa, kisha hukubaliana kushuka. Hazipigi kelele. Kwenye swichi yangu taa ndogo ilikuwa ya manjano badala ya kijani, basi, na ikawa ya manjano mwaka mmoja na nusu. Alipokifungua kichwa cha waya cha juu, upande wa dirisha hilo, tulikuta shaba ya uzi wa kahawia imeoza, imekuwa unga wa kijani. Hewa ya chumvi. Akaukata, akauvalisha kichwa kipya, akakibana kwa koleo lake. Kazi ya dakika kumi.

Nikaketi nikapiga hesabu yangu mimi. Faili nne kwa saa moja moja ni saa nne. Faili nne kwa dakika sita sita ni dakika ishirini na nne. Yule bibi kizee angekuwa ameshafika chini ya ngazi kabla ya magharibi.

Nilirudi kwenye vitabu. Imam Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111, aliziweka subira na shukrani katika kitabu kimoja ndani ya Ihya yake, na humo kuna jambo ambalo mawaidha yetu hulipita haraka. Subira nayo ina hukumu. Iko ya faradhi, iko ya sunna, iko ya makuruhu, na iko ya haramu. Mtu akatwe mkono, au mwanawe akatwe mkono, naye akae kimya aseme anasubiri, huyo Ghazali amemhesabu katika haramu. Niliposoma mahali pale nilifunga kitabu. Tangu utotoni tumefundishwa subira kama sukari, kwamba haizidi. Hatukufundishwa kuuliza anayeumia ni nani wakati sisi tunasubiri.

Na Nabii Yaakub, ambaye kila tukimtaja tunataja subira yake njema kwa kumpoteza Yusuf, ndiye huyohuyo katika sura hiyohiyo ya Yusuf aliyewaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuwa meupe kwa huzuni. Alisubiri na akatuma watu. Ayubu naye, siku ya kupona kwake, aliamrishwa apige ardhi kwa mguu wake. Mgonjwa wa miaka yote ile, na bado palikuwa na sehemu ya mguu wake mwenyewe.

Mimi naamini, tena kwa moyo wote, kwamba diski ile haikufa ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Sina ugomvi na kadari. Lakini neno lile lina mwenyewe. Aliyepotewa na mamake mara ya pili ana haki ya kulisema, na akilisema linakuwa dawa na ibada. Aliyepewa amana, akaipoteza, hana haki ya kulitanguliza. Kinywani mwake linakuwa pazia. Nilikunywa kahawa ya Kuze nikiwa nimejifunika subira ya mtu mwingine.

Nilimwendea mwalimu wangu wa darsa. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, mwenye kuwekeshwa kitu halipi kikiharibika mikononi mwake, isipokuwa amefanya uzembe. Nilitaka aniambie niko upande gani.

"Ulijua kwamba waya umeoza?"

"Sikujua, Maalim."

"Uliuliza?"

Sikuwa na jibu. Naye hakuongeza neno.

Nimefikiria sana swali lake, kwa sababu si kila polepole inataka kuulizwa. Mkanda wa saa tatu huchukua saa tatu kuucheza. Hakuna waya wala mashine ya kuufupisha, na nikiondoka huenda ukakwama ukajila. Hapo mimi huketi. Hutazama harusi za watu nisiowajua, wengi wao wamelala makaburini, na mkono wangu uko karibu na kitufe cha kusimamisha. Hiyo naamini ni subira, maana saa tatu zile ni umbile la kitu chenyewe, nami niko macho kwa muda wote. Ile saa ya kunakili ilikuwa kitu kingine. Niliipa faili mgongo nikaenda kupika. Zote mbili nilizihisi sawa kifuani, utulivu uleule, na hili ndilo linalonitisha: moyo hauzitofautishi wenyewe. Lazima mtu akapime.

Na tangu hapo nimekuwa mkali kwa neno "subirini". Bomba la mtaani kwetu hutoa maji kwa zamu, na kila tukiuliza twaambiwa tuwe na subira. Pengine kweli maji ni machache. Lakini anayeniomba subira namtaka kwanza anionyeshe amefuata bomba kutoka wapi hadi wapi, na amepima nini. Akinionyesha, nitasubiri pamoja naye mwaka mzima.

Mama wa Kuze nilimwambia yote, habari ya waya na habari ya dakika ishirini na nne. Nilimwambia kwamba haikuwa kadari peke yake. Alilia siku hiyo, kilio ambacho mwezi wa pili hakukilia, nami nikakaa naye hadi alasiri. Ujira wake nilikuwa nimesharudisha. Vipande vya mkanda bado viko kwangu, ndani ya bahasha kavu; vingi vimebanduka utando wake wa sumaku pale vilipokunjika.

Lakini zamani zile harusi haikurekodiwa nakala moja. Nyingine zilipelekwa kwa jamaa Maskati na Dubai, wasioweza kuja. Basi wewe unayesoma, ikiwa wewe au mamako au jirani yako mna sanduku la kanda za Mombasa, tafuteni. Ni kupamba kwa Kuze, Agosti 1991. Kiti kimefunikwa kitambaa cha kijani chenye nyuzi za dhahabu, na kuliani mwa bibi harusi amesimama mwanamke mrefu, leso nyekundu, pembe mkononi, anacheka. Ukiupata mkanda huo usiujaribu kwenye mashine, wala usiurudishe nyuma. Ufunge ndani ya mfuko mkavu, umpe mwanamke anayekuja Mombasa, aniletee mkononi.